Mcheza kwao hutunzwa

Mchezo wa ngumi umerejea Visiwani. Kwa karibu miaka 60, tangu ulipopigwa marufuku mwaka 1964, kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka kuvaa glavu hakuwa na budi kuvuka bahari na kwenda kuutafuta ulingo Bara, na wazee waliopata kuuona mchezo huo ukichezwa hapa nyumbani wamebaki wachache. Katika miaka hii ya 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeuruhusu tena. Vijana wamefurahi, nasi tumefurahi pamoja nao. Lakini furaha ya kufunguliwa mlango isitusahaulishe kuuliza ni nani atakayemtunza mtoto wetu akishaingia ndani, na hasa siku atakayotoka.

Kwa ajili hiyo tumeona vyema leo tuwakumbushe wasomaji wetu, na kwa heshima zote tuwakumbushe viongozi waliopewa dhamana ya michezo, maisha ya Mwafrika mmoja aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Jina lake la kuzaliwa ni Richard Ihetu. Dunia ilimjua kwa jina la Dick Tiger.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti, 1929, katika mji wa Amaigbo, Mashariki ya Nigeria, nchi hiyo ikiwa bado chini ya utawala wa Mwingereza. Alikulia Aba, mji wa masoko, akifanya biashara ndogo ndogo za kumpatia riziki, na huko ndiko alikojifunza ngumi. Mwaka 1952 alianza kupigana kwa malipo. Mwaka 1955 alisafiri kwenda Liverpool, Uingereza, kujaribu bahati yake. Huko alishindwa mapambano yake manne ya mwanzo, moja baada ya jingine. Mtu mwingine angefunga virago akarudi kwao. Yeye alifanya kazi katika kiwanda cha rangi mchana, akafanya mazoezi baada ya kazi, akavumilia baridi na upweke, mpaka mambo yakaanza kumnyokea. Tarehe 27 Machi, 1958, katika mji ule ule wa Liverpool, alimshinda Pat McAteer katika raundi ya tisa na kutwaa ubingwa wa uzito wa kati wa Jumuiya ya Madola.

Kutoka hapo alikwenda Marekani, na tarehe 23 Oktoba, 1962, mjini San Francisco, alimshinda Gene Fullmer kwa pointi baada ya raundi 15 na kuwa bingwa wa dunia. Walipokutana tena Februari 1963 mjini Las Vegas walitoka sare. Mara ya tatu pambano lilipelekwa Afrika. Tarehe 10 Agosti, 1963, katika Uwanja wa Liberty mjini Ibadan, mbele ya maelfu ya watu wa nchi iliyokuwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru, Fullmer alipigwa hata akashindwa kuendelea baada ya raundi ya saba. Lilikuwa pambano la kwanza la ubingwa wa dunia kufanyika katika Afrika ya watu weusi waliojitawala. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na siku ile Nigeria ilimtunza mwanawe.

Yaliyofuata yalikuwa ya kupanda na kushuka, kama ilivyo desturi ya mchezo huu. Desemba 1963 alipoteza ubingwa wake kwa Joey Giardello. Akasubiri karibu miaka miwili hata kupewa nafasi ya kurudiana naye, na tarehe 21 Oktoba, 1965, akaurejesha mkanda wake mjini New York. Aprili 1966 akaupoteza tena kwa Emile Griffith, kwa uamuzi ambao wengi waliutilia shaka. Watu wakadhani amekwisha. Desemba ya mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 37, alipanda daraja lililo chini tu ya uzito wa juu, akamshinda José Torres na kuwa bingwa wa dunia kwa mara nyingine. Ulingoni hakuwa mtu wa mbwembwe, na nje ya ulingo hakuwa mtu wa anasa. Alijulikana kwa adabu yake na kwa kubana matumizi. Fedha alizozipata kwa jasho na damu alizipeleka kwao, akanunua majumba Lagos na Aba. Akiba haiozi, ndivyo tunavyofundishana, naye aliufuata wosia huo barabara.

Lakini ipo dhoruba isiyojali akiba ya mtu. Mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa wingi Kaskazini ya Nigeria. Mei 1967 Mashariki ikajitangaza kuwa Jamhuri ya Biafra. Na Julai mwaka huo vita vikaanza. Dick Tiger alikuwa Mwigbo. Alirudi nyumbani, akapewa cheo cha luteni, akasaidia kuwafanyisha askari mazoezi na kuwapa moyo. Sisi Watanzania hatuwezi kuyasoma hayo kama mambo ya mbali, kwa kuwa nchi yetu, chini ya Mwalimu Nyerere, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili, 1968. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikiiuzia silaha Serikali ya Nigeria, na watoto wa Biafra walikuwa wakifa kwa njaa. Mwaka 1963 Malkia wa Uingereza alikuwa amemtunuku bingwa huyu nishani. Mwaka 1969 aliirudisha. Ni wachache wenye ujasiri wa kuuvua utukufu walioupewa na wakubwa ili wasimame na watu wao, na kwa hilo peke yake angestahili kukumbukwa hata kama asingalipata kushinda pambano lolote.

Wakati huo nguvu zilikuwa zinamwishia. Mei 1968 Bob Foster alimwangusha katika raundi ya nne, akahesabiwa hadi kumi kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake ya ulingoni. Vita vilipokwisha Januari 1970, sehemu kubwa ya mali aliyoichuma ilikuwa imempotea. Pambano lake la mwisho lilikuwa Julai 1970, naye akiwa amekaribia miaka 41. Bingwa wa dunia wa madaraja mawili, aliyepigana mapambano yapatayo 80, akachukua kazi ya ulinzi katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, akilinda hazina za watu wengine. Hatusemi kazi hiyo ni ya aibu. Kazi yoyote ya halali ni heshima. Tunasema tu kwamba bara zima lililomshangilia halikuwa na mahali pa kumweka.

Akiwa katika kazi hiyo alianza kusikia maumivu, na madaktari wakaona kuwa ana saratani ya ini. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: alirejea kwao, na tarehe 14 Desemba, 1971, akafariki dunia mjini Aba, akiwa na miaka 42. Mwaka 1991 Wamarekani waliliingiza jina lake katika Jumba la Mashujaa wa Ngumi. Heshima hiyo ilimkuta kaburini.

Tuna mafunzo gani katika habari hii? La kwanza ni kwamba kipaji hakitoshi bila subira, na vijana wetu wanaotamani mikanda baada ya mapambano mawili na wayakumbuke yale mapambano manne ya Liverpool. La pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, ni kwamba hata bondia mwenye nidhamu ya mfano na mwenye kuweka akiba anaweza kuishia mikono mitupu ikiwa hakuna chombo kinachosimama nyuma yake. Basi itakuwaje kwa kijana wa miaka 19 asiyejua hata kilichoandikwa katika mkataba anaoutia sahihi?

Tunaposema hivi hatuwatuhumu mapromota wote kuwa ni wanyonyaji. Wapo wenye nia njema. Lakini nia njema ya mtu si kanuni, na haki ya mchezaji haiwezi kutegemea hisani. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu wayatazame mambo manne kabla mchezo huu haujaota mizizi mibovu. Mikataba yote iandikwe kwa Kiswahili, na nakala yake iwekwe kwa wasimamizi wa mchezo. Pasifanyike pambano lolote bila daktari kando ya ulingo, na bondia aliyeangushwa asirudi ulingoni mpaka apimwe na kupewa idhini. Sehemu ya kila malipo iwekwe katika akiba ya bondia mwenyewe, asiyoweza kuigusa meneja wala promota. Na kila kijana ashikizwe katika ufundi au masomo, ili siku atakapotundika glavu awe na kazi ya kushika.

Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji uamuzi, na wakati wa kuamua ni sasa, mchezo ukiwa bado mchanga. Tumefundishwa kuwa samaki mkunje angali mbichi.

Na nyinyi wananchi, mtakaojaa viwanjani na kupaza sauti, tunawaomba kitu kimoja. Siku bondia wenu atakaposhindwa, msimkimbie. Aliyetutoa kimasomaso kwa ngumi zake ana haki ya kututazamia mikono hiyo inapochoka, na mcheza kwao akisha kuzeeka, yungali ni wa kwao.