Papa Asiye Papa

Mtoto akililia samaki wa kutazama sebuleni, baba huenda dukani akarudi na vijisamaki viwili vitatu. Miongoni mwao hupendwa sana mmoja auzwaye kwa jina la papa. Pezi limesimama mgongoni, mwili wang'aa kama fedha, ubavuni ana mistari myeusi, na urefu wake haushindi kidole.

Sisi watu wa pwani twamjua papa, na huyu siye. Huyu ni kambare wa maji matamu. Kwao ni mito ya Mekong na Chao Phraya, kusini-mashariki ya Asia, na akikua aweza kufikia sentimita 130 na kilo 44. Tangi nyingi za kioo majumbani hazifiki hata mita moja.

Ana jamaa zake wakubwa zaidi. Yuko ambaye mapezi yake ya mgongoni na kifuani hutoa nyuzi ndefu. Huyo hupita mita mbili. Na yuko jitu lao, kambare mkubwa wa Mekong: mwaka 2005 alivuliwa mmoja huko Thailand wa mita 2.7 na kilo 293. Husemwa kuwa nyumba ya kambare mkubwa ana ndevu na mdogo ana ndevu, lakini kwa huyu mtoto ndiye mwenye ndevu, na mzee zimebaki kidogo tu. Aliyemwona mzee hawezi kumtambua mtoto.

Wako wadaio kuwa samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake. Si kweli. Aliyedumaa amedumazwa na dhiki na maji machafu. Tena kambare hawa ni waoga, wamezoea kwenda makundi. Wakishtuka hukimbia na kugonga pua kwenye kioo mpaka wakatoka vidonda.

Kufuga si haramu. Lakini nani kati yetu hajasikia darsani habari za mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa? Na muuzaji naye asijitoe. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika fungu la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkanya mwenye mali kwa kutoweka iliyolowa juu watu waione. Twaona kuwa kumuuza samaki wa kidole bila kutaja mita yake ni kuficha iliyolowa. Bei ya samaki na ukubwa wake wa utu uzima vitajwe pamoja, na mnunuzi asione haya kuuliza.

Aliye naye tayari amtafutie mwenye bwawa kubwa. Huko Vietnam samaki huyu hufugwa mabwawani kwa kitoweo. Asimtupe mtoni. Mbuta alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za vijisamaki vya ziwa hilo zilikuwa hazionekani tena.