Unakwenda Dublin Kukimbia au Kuzamia?

Wiki hii tuongee habari za mbio, maana mji mzima siku hizi ni mbio tu. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, kila kijana unayekutana naye alfajiri barabarani kavaa raba na anahema. Tena wengine hawataki kuishia Moshi, wanataka majuu. Mshikaji mmoja alinibana kijiweni: “Kaka, mimi nataka Dublin, kule Ireland. Wiki moja tu. Nifanyeje?”

Nikamuuliza: unakwenda kukimbia au unakwenda kuzamia? Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo hilo ndilo linalomsubiri kwa mwenye mhuri wa viza, na yule bwana hana utani.

Tuanze na mbio zenyewe. Marathoni ya Dublin ilianza mwaka 1980, na siku hizi hukimbiwa Jumapili ya wikiendi ya sikukuu yao ya mwisho wa Oktoba. Ni kilomita 42.195 ndani ya mji. Unaanzia katikati, unapita bustani kubwa ya Phoenix Park, unazunguka Kilmainham, Crumlin na Terenure, halafu unarudi kumalizia jirani na Merrion Square. Wenyewe wanaziita mbio za kirafiki, maana watu hujaa pembeni kushangilia mpaka wa mwisho. Lakini usidanganyike, bwana! Kilima cha Roebuck kinakungoja baada ya kilomita 34 hivi, wakati miguu imeshaanza kudai talaka.

Wanaume wa huku wanazijua mbio hizo. Geoffrey Ndungu wa Kenya alishinda mwaka 2011 na 2012. Feyisa Lilesa wa Ethiopia alishinda 2009, baadaye akachukua medali ya fedha ya Olimpiki, Rio 2016. Waairishi nao wana mkono wao kwetu. Bruda Colm O'Connell alitoka kwao mwaka 1976 kwenda kufundisha shule ya St. Patrick's pale Iten, Kenya, akaishia kuwa kocha wa David Rudisha, yule aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London 2012. Kwa hiyo ukitaja mbio mbele ya Mwairishi, hutakosa cha kuongea.

Sasa namba. Haiuzwi dirishani siku ya mbio. Majina huingizwa kwenye bahati nasibu miezi mingi kabla. Ukipata, unaifuata mwenyewe na kitambulisho chako kwenye ukumbi wa RDS, mtaa wa Ballsbridge, kabla ya Jumapili. Hakuna cha “mjomba atanichukulia”.

Halafu viza. Hapa ndipo wengi wanapochemsha! Ireland haimo katika Schengen, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haikuingizi. Ya Uingereza nayo haikuingizi. Mtanzania anatakiwa awe na viza ya Ireland yenyewe, na ya kuingia mara moja ni yuro 60. Wanataka barua yako ya kueleza safari, taarifa ya benki ya miezi 6, barua ya kazini au chuoni, bima, mahali pa kulala na, kubwa kuliko yote, kitu cha kuwaonyesha kwamba utarudi. Tiketi usilipie mpaka viza itoke. Ongeza na vyeti vya mbio ulizomaliza, Kilimanjaro Marathon na nyinginezo. Mtu hajawahi kumaliza hata kilomita 10, ghafla anataka Dublin, wewe ungemwamini?

Tuseme ukweli sasa. Wapo wanaoiona namba ya mbio kama tiketi ya kubeba maboksi. Akifika tu, raba anatupa, anapotea. Simcheki mtu kwa shida zake, mtaani tunazijua. Lakini karatasi za kufoji zikigundulika, ombi linatupwa na unaweza kufungiwa miaka 5. Na ukifanikiwa kupotea? Ukiumwa unaogopa hospitali. Mama akifariki, unasikia kwenye simu tu, huji kuzika. Na kijana mwingine wa Temeke au Mwanza, anayetaka kukimbia kwa haki, anahojiwa kama mwizi kwa sababu yako.

Waairishi wenyewe wanaijua hadithi hii. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu kama milioni 1, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Zamani mtu akiondoka kwenda Marekani, ndugu walimkeshea kama maiti, maana walijua hawamwoni tena. Matanga ya mtu aliye hai! Kando ya mto Liffey zipo sanamu za watu waliokonda wakielekea bandarini. Ukifika, kaziangalie.

Haya, ratiba ya wiki ndiyo hii. Alhamisi unatua. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar haipo, unapitia Dubai, Doha au Istanbul. Ukitaka kupitia London, ulizia kwanza viza ya Waingereza. Ijumaa unachukua namba, basi. Maduka yatakungoja. Jumamosi unakula wali au tambi, unalala mapema. Mara nyingi usiku huo wao hurudisha saa nyuma, kwa hiyo unapata saa moja ya usingizi wa bure. Jumapili ni kazi. Baridi yao ya Oktoba ni kama nyuzi 7 mpaka 13, na mvua haipigi hodi. Vaa sweta la mtumba utakaloliacha pale mnapoanzia, roho isikuume.

Jumatatu ni sikukuu, tembea kizee. Makumbusho ya taifa pale Kildare Street hayana kiingilio. Jumanne panda treni stesheni ya Heuston, saa mbili na nusu hivi uko Galway. Jumatano nenda Cliffs of Moher, magenge ya mita 214 juu ya bahari ya Atlantiki, jioni urudi Dublin. Alhamisi, ndege.

Angalizo: basi la Belfast lisikutamanishe. Kule ni Uingereza. Hata kama hakuna anayekukagua njiani, viza yako ya Ireland haifanyi kazi huko.

Mshiko je? Dublin ni ghali, sitakuficha. Kitanda cha hosteli kitafute mapema, maana wikiendi ile mji unajaa. Adapta ya chaja usinunue, soketi zao ni za pini 3 kama zetu. Na ile Guinness inayotengenezwa St. James's Gate tangu 1759, ionje Jumapili jioni, sio Jumamosi!

Hesabu ikigoma mwaka huu, usikope kwa riba na usiuze kiwanja cha baba. Mbio zipo kila Oktoba. Kimbia Moshi, weka akiba, jenga rekodi yako ya benki na ya miguu. Siku ukienda, uende ukijua nani anakungoja uwanja wa ndege siku ya kurudi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Mwenye swali aandike, nitamjibu hapa hapa.