Utafiti wa kingamwili uwafae wagonjwa wa Kyuso

Wakazi wa Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, hawahitaji kuelezwa kala-azar ni nini. Ni homa isiyokoma, wengu kuvimba hadi tumbo likafura, na mwili kukonda. Usipotibiwa, ugonjwa huu huua karibu kila anayeugua. Kitui ilikumbwa na mlipuko mkubwa mapema miaka ya 1950, na usubi anayeueneza angali anajificha katika vichuguu karibu na makazi.

Wasilolijua wengi ni hila ya kimelea chenyewe. Hakizikimbii chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu. Huziingia na kuzaana humo. Mlango wake mmojawapo ni protini iitwayo Mac-1, inayoziwezesha chembe hizo kujibandika kwenye mishipa ya damu na kunasa adui.

Mlango huo ulijulikana kwa msaada wa kingamwili za maabara. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walivumbua huko Cambridge, Uingereza, njia ya kutengeneza kingamwili zinazoshika shabaha moja tu. Mwaka 1979 kingamwili ya namna hiyo iliitambulisha Mac-1. Kufikia 1985, watafiti walionyesha kwamba mlango huo ukizibwa kwa kingamwili, vimelea vinavyoingia katika chembe za panya hupungua.

Huo ni ujuzi wa miaka arobaini. Je, umemfikia mgonjwa? Bado. Matibabu yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 ni ya sindano, siku 17 mfululizo.

Sisemi utafiti usimamishwe. Nasema matunda yake yagawanywe. Kipo kipimo cha karatasi kinachohitaji tone la damu tu, kutafuta kingamwili ambazo mgonjwa amejitengenezea. Kisikose katika zahanati yoyote ya Kyuso, maana kila wiki ya kungoja humdhoofisha mgonjwa. Lakini kina kasoro: hapa Afrika Mashariki huwakosa baadhi ya wagonjwa, na kwa kuwa kingamwili hubaki mwilini baada ya kupona, hakiwezi kuthibitisha kwamba ugonjwa umerudi. Wanasayansi wetu wapewe fedha watafute kilicho bora.

Januari 2023, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana jijini Nairobi kuitokomeza kala-azar kufikia 2030. Ahadi hiyo ipimwe Kyuso, si katika kumbi za mikutano.