Wazee wa Kanisa, Msinyamaze

Yako mambo ambayo waumini wa Kakamega huyasema njiani wakitoka matangani, wala hawayasemi kanisani. Mhubiri fulani amemwambia mgonjwa wa kisukari aache sindano kwa kuwa ameshaponywa. Mwingine anataka "mbegu" itumwe kwa M-Pesa ndipo amwombee mtu. Wazee wa kanisa wanayajua hayo. Wanatikisa kichwa, kisha Jumapili wanamkaribisha mhubiri yuleyule madhabahuni na kuuita ukimya wao heshima kwa mtumishi wa Mungu. Huko ni kukimbia wajibu.

Kenya imeshaona ukimya wa namna hii unavyoweza kugharimu. Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu wanaodaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa. Mhubiri Paul Mackenzie amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayoamua. Lakini alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017, kwa tuhuma zikiwemo za kuwazuia watoto kwenda shule. Polisi wanaweza kumtia mtu pingu. Kumfafanulia Maandiko ni kazi ya kanisa.

Hata hivyo, ukali usio na upendo nao tunaujua. Mwaka 1927 uamsho wa Roho ulizuka katika misheni ya Friends (Waquaker) ya Kaimosi. Wamishonari na baadhi ya wazee waliupiga marufuku, na walioushikilia wakatengwa. Ndipo yakazaliwa makanisa ya Roho, ambayo waumini wake tunawaona wakipita na kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu. Mojawapo, African Church of the Holy Spirit, leo ni mwanachama wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Waliohesabiwa wapotovu Kaimosi wametambuliwa kuwa ndugu. Anayeonya na akumbuke kwamba si kila jambo geni ni uzushi.

Kwa hiyo utaratibu ufuatwe. Mathayo 18 inaagiza mkosaji aendewe faraghani kwanza, kisha mbele ya mashahidi wawili au watatu, na mwishowe mbele ya kanisa. Priskila na Akila walimchukua Apolo kando wakamweleza njia kwa usahihi zaidi, naye akaendelea na huduma. Lakini Petro alipokosea hadharani kule Antiokia, Paulo alimkabili mbele ya wote. Uongo uliotangazwa kwa vipaza sauti hausahihishwi kwa mnong'ono ofisini.

Mahali ambapo uhai uko hatarini hakuna nafasi ya kuahirisha hadi kikao kijacho. Mgonjwa aliyeacha dawa arudishwe hospitalini leo, na wazee wamsindikize. Mhubiri naye aketishwe, aulizwe andiko analolitegemea, na asikilizwe hadi mwisho. Akikubali kosa, aliungame palepale alipolihubiri. Akikataa, aondolewe madhabahuni, lakini nafasi yake kwenye benchi ibaki, familia yake isitengwe, na wazee waendelee kumtembelea.

Hili ni jukumu la kila parokia, kila usharika na kila mkutano wa Friends katika kaunti ya Kakamega. Cheo cha mzee wa kanisa si cha kukalia viti vya mbele. Anayeogopa kumkosoa ndugu yake akabidhi cheo hicho kwa atakayethubutu.