Hawala ilikuwapo kabla ya nadharia

Mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Takaba, kule Mandera Magharibi, alinijia ofisini baada ya mhadhara akiwa na swali nililolidhania jepesi. Anasomea biashara, na somo la Kiswahili analichukua kwangu. Alitaka kujua tuuite nini ule uvumbuzi ambao wahadhiri wake wa biashara hawaishi kuusifu, unaoingia sokoni na kuwapindua wakubwa. Bila kufikiri sana nikamwambia tuuite "uvumbuzi vurugi". Akatabasamu. "Mwalimu," akasema, "kwetu anayevuruga ni yule anayekuja usiku kuulipua mlingoti wa simu. Asubuhi hatuna mtandao, na pesa zilizomo simuni hazitoki."

Nadharia yenyewe ni ya Clayton Christensen wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyefariki mwaka 2020. Aliitoa mwaka 1995 katika makala aliyoandika pamoja na Joseph Bower, kisha akaipanua katika kitabu cha mwaka 1997. Alichosema si kigumu. Kampuni kubwa huwasikiliza wateja wao wanono, zikazidi kuwaboreshea bidhaa na kupandisha bei. Walio chini huwapa kisogo. Halafu hutokea mdogo mmoja na kitu duni, rahisi, cha bei nafuu, akawauzia wale waliopuuzwa. Wakubwa humcheka. Kidogo kidogo kitu kile huboreka na kupanda ngazi, na siku wakubwa wanapozinduka soko limeshawaponyoka. Si kila kipya king'aacho, basi, ni uvumbuzi wa namna hiyo. Mwaka 2015 Christensen na wenzake walikataa hata kuihesabu Uber.

Hapa kwetu mfano unaotolewa darasani ni mmoja tu: M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom mnamo Machi 2007. Sina ugomvi na mfano huo. Watu wasiopata kuingia benki waliweza, kwa simu ya bei rahisi na duka la jirani, kutuma fedha nyumbani. Lakini muulize mtoto wa Takaba ni nani aliyewahudumia watu wake kabla ya hapo. Hatasema hakuna. Atasema hawala.

Mfanyabiashara wa Eastleigh hupokea fedha, akampasha habari mwenzake wa Mandera, zamani kwa redio za mawasiliano na sasa kwa simu. Mwenzake naye humlipa mhusika baada ya kumtambua kwa jina, kwa ukoo na kwa watu wanaomjua. Fedha zenyewe hazisafiri. Deni baina ya wafanyabiashara hao wawili husawazishwa baadaye, pengine kwa bidhaa. Wanafunzi wa lugha watalitambua neno hilo. Asili yake ni Kiarabu, na katika fikihi ni kuhamisha deni kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Wazee wetu waliokwenda posta kutuma karo walinunua "hawala ya posta". Na wanaistilahi walipotafuta neno la kuhamisha teknolojia, walichota katika shina lilo hilo wakapata "uhawilishaji". Neno ambalo wengine hulidhania la magendo, kumbe limo kamusini na lilikuwamo katika posta ya serikali!

Kwa nini benki zilichelewa? Jibu lisitafutwe katika jua kali wala umbali pekee. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza mtaji wa taifa kwenye maeneo yenye ardhi na mvua nzuri. Kaskazini Mashariki iliachwa kando, tena chini ya sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi mwaka 1991. Hao ndio wateja wa chini anaowataja Christensen, ila wao walipuuzwa na sera kabla ya kupuuzwa na kampuni.

Aprili 2, 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa. Nisieleweke vibaya: msiba ule ulikuwa wetu sote, na sisi tulio vyuoni tuliulia kwa namna ya peke yetu. Lakini kanuni za Benki Kuu za kusimamia biashara hiyo zilikuwapo tangu 2013. Aliyekosa angeshtakiwa kwa jina lake. Kuzifunga zote kwa mkupuo kuliwaadhibu akina mama waliongoja hela za chakula kutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Zilifunguliwa Juni, kwa mzazi anayesubiri karo, huo ni karibu muhula mzima.

Nirudi kwenye lugha, maana ndipo ninapopajua. Maelezo ya M-Pesa huja kwa Kiingereza au Kiswahili. Takaba wengi ni Wagare, na miongoni mwao wapo wasemao lahaja za Kisomali na wapo wasemao Kioromo kilicho jirani na Kiborana. Ajuza asiyejua kusoma humwita mjukuu wake, akampa simu, akampa na nambari ya siri. Hapo siri imekwisha. Mtoto amekuwa karani, mkalimani na mtunza hazina kwa mara moja. Hawala haikudai msomaji, ilidai shahidi. Kampuni inayolitaka soko hili haina budi kuanza na sauti, wala isidhani kwamba riba ikiitwa "ada" Mwislamu ataimeza. Wenye bima ya mifugo walilielewa hilo. Mpango wao ulioanza Marsabit mwaka 2010, unaopima malisho kwa picha za setilaiti, ulipofika Wajir mwaka 2013 ulipitia bima ya takaful isiyokiuka sharia, na mwaka uliofuata wafugaji wakalipwa.

Na huyo mjukuu amefundishwa kusoma na nani? Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha wengi wasiokuwa wenyeji. Siwezi kumlaumu mwalimu aliyeokoa roho yake. Ila wapangao mikakati ya biashara huhesabu simu na milingoti, na sijaona anayemhesabu mwalimu wa darasa la tatu, ambaye bila yeye ujumbe wa simu ni michoro mitupu.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki iliyopita. "Uvumbuzi vurugi" amelikataa katakata; anasema tuuite "uvumbuzi wa waliosahauliwa". Nikamjibu kwamba ni refu mno kwa istilahi. Akaniambia kwamba hata wao wamesahauliwa kwa muda mrefu. Ameliandika hivyo hivyo katika insha yake ya somo la biashara, na sasa anangoja alama.