Chombo Kisicho na Mhunzi

Taifa hujulikana kwa namna linavyotunza vyombo vyake, na pia kwa namna linavyovitupa. Katika Buha ya kale mhunzi alifua jembe kwa chuma kilichoyeyushwa papo hapo nchini. Jembe likilika lilirudi motoni, likatoka kisu au mundu. Huo ulikuwa utamaduni: chombo kilikuwa na mwenyewe tangu kuzaliwa hata kufa kwake.

Leo nyumba za Kasulu na Kibondo zimejaa vyombo visivyo na mhunzi. Kwa miaka mingi wilaya hizi zilikuwa nje ya gridi ya taifa. Redio ikasema kwa betri, taa ikawaka kwa nguvu ya jua. Hatuvilaani vyombo hivyo, kwani vilileta habari na mwanga. Lakini betri ikifa hutupwa shimoni nyuma ya nyumba, na nyaya huchomwa ili ipatikane shaba. Madini ya risasi hayaozi. Moshi wa nyaya ni sumu kwa mtoto anayeota moto huo. Na maji ya mvua huteremka bondeni hadi mto Malagarasi, nao Malagarasi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika.

Wapo wasemao kwamba kosa ni la mkulima asiyeelimika. Tunayakataa maneno hayo. Mkulima hakuiunda betri, wala hakuiagiza. Mwezi Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote, zikageuka taka kwa usiku mmoja. Aliyeziingiza alikwisha kula faida. Aliyezinunua akabaki na mzoga.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za namna hii, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kutumiwa upya ipasavyo. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za taka za kielektroniki za 2021. Lakini sheria isiyofika gulioni ni karatasi tu.

Kwa hiyo twadai jambo moja: auzaye betri mpya aipokee iliyokufa, amrudishie mwenye duka la jumla, naye amrudishie mwagizaji, ambaye ndiye alipe gharama. Mhunzi wa Buha hakuukimbia mwisho wa jembe lake. Mfanyabiashara wa leo asiruhusiwe kuukimbia wa kwake.