Mfuko wa Msikiti na Kichambuzi cha Masafa

Maiki isiyo na waya inapokoroma katikati ya hotuba ya Ijumaa, kauli ya kwanza inayosikika ni kwamba inunuliwe nyingine. Hununuliwa, na baada ya majuma mawili hukoroma kama ile ya awali. Sisi tuliobeba amana ya mfuko wa msikiti hapa Nyangamara tunaona kuwa fedha iliyochangwa na wakulima wa korosho na ufuta haistahiki kutumika kwa kubahatisha. Kabla ya kununua maiki ya tatu, ijulikane kwanza kelele inatoka wapi.

Si kila kelele ni ya mawimbi ya redio. Mvumo mzito usiokoma hata maiki inapozimwa aghalabu ni wa umeme wenyewe wa hezi 50, na tiba yake ni fundi wa kukagua nyaya na waya wa ardhi. Ule mlio wa kukatakata unaotangulia simu kuita ni wa simu iliyo karibu na amplifaya. Tiba yake ni kuizima, jambo ambalo adabu ya msikiti ilikwishalitaka. Taa za LED za bei ya chini na vidhibiti vya chaji ya sola navyo hutoa kelele nyingi, na hizo hunaswa kwa redio ndogo ya AM: isogezwe karibu na kifaa kinachoshukiwa, kisha vifaa vizimwe kimoja kimoja. Gharama yake ni betri mbili.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachohitaji kichambuzi cha masafa. Hiki ni chombo chenye kioo kinachochora mstari. Penye wimbi lenye nguvu mstari huinuka kama mnazi, na penye utulivu hulala. Vile vya maabara, kama vya Rigol na Siglent, ni vizuri, ila bei yake ni ya dola elfu moja na zaidi, nasi hatuoni msikiti wa kijiji una haja gani navyo. Kilichobadilisha mambo ni tinySA, chombo cha kushika mkononi kilichobuniwa na Erik Kaashoek, ambacho cha kawaida huuzwa nje kwa chini ya dola 100. Kina matundu mawili, moja la megahezi 0.1 hadi 350 na jingine la 240 hadi 960, hivyo kinazifikia maiki za VHF na za UHF. Maiki za kidijitali za gigahezi 2.4 haziko ndani ya uwezo wake. Kwa hizo itafutwe aina ya Ultra, ambayo ni ghali zaidi. Wapo wanaotumia RTL-SDR, kijiti kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni ambacho mwaka 2012 kiligundulika kuwa kinaweza kupokea karibu kila kitu kuanzia megahezi 24 hadi 1,766. Ni rahisi kuliko vyote, ila huonyesha kipande cha megahezi mbili hivi kwa wakati mmoja, na bila kompyuta au simu ya kukiendesha hakina faida. Ghishi nayo imeingia katika biashara hii. Nakala za tinySA ni nyingi, na vipimo vyake si vya kutegemewa.

Hata chombo halisi huweza kuonyesha wimbi lisilokuwepo, hasa karibu na mnara. Namna ya kulibaini ni kuweka kipunguza nguvu cha desibeli 10 kabla ya chombo. Wimbi la kweli hushuka kwa 10 hizo hizo. La uongo, lililozaliwa ndani ya chombo, hushuka zaidi.

Pana vijana wanaovutiwa na redio ya ridhaa, nasi tunawaunga mkono. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani hii, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika, na kila mtu alielewa thamani ya mawasiliano. Lakini wasichomeke redio ya wati 5 moja kwa moja kwenye tinySA. Wati 5 ni sawa na dBm 37, nacho huvumilia dBm 10 tu. Kipunguza nguvu cha desibeli 40, chenye kuhimili wati hizo, ni lazima.

Kuhusu fedha: iliyotolewa kwa ajili ya mikeka ibaki ya mikeka, kwa kuwa sharti la mtoaji huheshimiwa. Rai yetu ni misikiti minne au mitano ishirikiane kununua chombo kimoja, kwani hakuna atakayekihitaji kila siku.

Kioo kikionyesha kuwa anayetuingilia ana haki ya masafa hayo, ni sisi wa kuhama. Maiki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa megahezi 700 na kuendelea, yaliyokuwa masafa ya televisheni; TCRA iliyanadi ya 700 kwa kampuni za simu mwaka 2018. Zibadilishwe chaneli, au ziachwe. Ikiwa ni mtambo unaovuja nje ya masafa yake, ichukuliwe picha ya kioo, iandikwe saa na mahali, kisha ipelekwe TCRA. Kamati isiende kugombana na mwenye mtambo.